Ng'ombe Wangu Kumi na Mmoja, Marehemu

Jumatatu, 4 Machi
Ukame umechukua ng'ombe wangu watano. Wamebaki sita, mbavu nje, lakini wanapumua. Leo bwana mifugo kapita na kipaza sauti: serikali itatoa msaada kwa waliopoteza mifugo, na aliyepoteza wengi atafikiriwa kwanza. Kwanza! Maishani sijawahi kuwa wa kwanza kwa lolote. Nimekaa jikoni nikawaza. Watano ni wachache, aibu hata kuwataja. Kumi na mmoja, hiyo ndiyo hasara ya mwanamume.

Jumanne, 5 Machi
Nimewaswaga wale sita hadi kwa shemeji, kaka yake mke wangu, ng'ambo ya bonde. Nimemwomba anifichie wiki moja tu, mpaka bwana mifugo aje akute zizi tupu. Hakubisha. Akasema undugu ni kufaana. Nikaguswa. Mke wangu kanuna, maana kati ya wale sita yumo Bibi Harusi, ng'ombe wa maziwa aliyemlea mwenyewe kwa chupa. Nimemwambia mambo ya mipango aniachie mimi. Kaniwekea chai ya rangi mezani, akatoka.

Alhamisi, 7 Machi
Bwana mifugo kaja na daftari. Nilikuwa nimefagia kila kitu zizini, hata kinyesi. Akasema hajawahi kuona zizi safi namna hii. Nikamjibu kwamba majonzi yana namna nyingi. Nikalia. Mwanzoni nilijilazimisha, kisha nikawakumbuka wale watano wa kweli, nikalia kwelikweli. Akamuuliza mke wangu kama wote wamekufa. Mke wangu akasema amuulize mwenye ng'ombe. Nimetia sahihi: kumi na mmoja wamekufa, hakuna aliyebaki. Nikatia na dole gumba, ili pasiwe na shaka.

Jumatatu, 11 Machi
Nimekwenda kuwachukua. Lahaula! Bwana mifugo yuko zizini kwa shemeji, anawatoboa ng'ombe masikio na kuwatia hereni za namba. Mwenye mifugo hai anapewa majani makavu na dawa, na kila hereni inaandikwa kwa jina lake. Shemeji ana ng'ombe watatu. Kaandikisha tisa.

Bibi Harusi aliponiona akalia, akaja kunilamba uso. Bwana mifugo akasema ng'ombe huyu ana huruma, amejua nimefiwa. Niseme ni wangu? Sahihi yangu imo mkobani mwake. Dole gumba pia. Akaniomba nimshike pembe wakati anamtoboa. Nikamshika.

Alipoondoka nikamdai shemeji ng'ombe wangu. Akaniuliza kwa upole ni wepi hao, wale marehemu?

Nimeumia. Sitaficha, nimeumia.

Jumatano, 13 Machi
Mke wangu amehamia kwa kaka yake. Anasema anamfuata Bibi Harusi. Nikamwambia atulie, nina mpango wa kumrudisha ng'ombe wake. Akasema atarudi siku nitakayoishiwa mipango. Nyumba kimya. Nimejipikia uji, umeungua.

Ijumaa, 22 Machi
Msaada umefika, na jina langu limeitwa la kwanza! Kumbe fedha ni za wenye mifugo iliyobaki, wazibe pengo. Aliyepoteza wote hana pa kuanzia, kwa hiyo anapewa kazi mpya. Nimepewa mizinga miwili, nyuki wamo ndani, na kofia ya wavu. Watu walipiga makofi.

Nilikuwa nimeshakata tamaa pale bwana mifugo aliposema kwamba nyuki wakihama kwa sababu ya ukame nitoe taarifa, huenda serikali ikaniongezea mizinga. Nikamwomba arudie. Akarudia.

Jioni nimebeba mizinga hadi kwa shemeji, mmoja mmoja, anifichie wiki moja tu. Tumekosana, kweli, lakini ningeificha wapi kwingine? Nimeumwa mara saba. Shemeji kaipokea kwa mikono miwili, akauliza kama na kofia naiacha. Nimeiacha.

Mke wangu alichungulia dirishani, akanitazama kwa muda mrefu, akalifunga. Miaka yote hii sikujua kwamba anaogopa nyuki.