Kinga ya Daktari Kinanda

Kinanda alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi ya bima, ghorofa ya tatu, akisubiri kudai fidia ya duka lililoungua. Duka hilo lilikuwa na kasoro moja tu: halikuwahi kuwepo. Ndiyo maana hakuwa na haraka. Alijikalia zake, mguu juu ya mguu, akitazama watu wakipiga chafya.

Na walikuwa wakizipiga kwelikweli. Karani wa kwanza alipiga chafya juu ya fomu, wa pili akaipokea fomu pamoja na chafya yake, wa tatu akaigonga mhuri kwa mkono uliotoka kufuta pua. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa amri ya Meneja, ambaye hakupenda karatasi zipeperuke. Meneja mwenyewe alitoka ofisini kwake na kutangaza kwamba mafua si ugonjwa, ni tabia, na atakayekosa kazi kwa tabia hiyo atakatwa siku za likizo. Akajibiwa kwa chafya tatu za heshima.

Kinanda, aliyepewa jina hilo mtaani kwa sababu mdomo wake haukosi wimbo, akaikunja fomu yake taratibu, akaitia mfukoni. Duka liungue lenyewe. Yeye alikuwa ameitwa kwenye huduma ya afya.

Baada ya siku mbili alirudi na koti jeupe alilolinunua kwa kinyozi aliyefunga kazi, miwani ya kioo kitupu, na katoni ya chupa ndogo zenye maji ya rangi ya matope. Ndani mlikuwa na vitunguu saumu, tangawizi, ndimu na pilipili, vimechemshwa mpaka vikakata tamaa. Kwa nje paliandikwa NGOME.

"Mheshimiwa Meneja," alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kupeleka habari mbaya, "mwili wako una jeshi. Je, jeshi lako linalipwa mshahara?"

"Mimi nalipa watu wengi," Meneja akajibu kwa tahadhari.

"Jeshi la ndani, mheshimiwa. Kinga ya mwili. Hebu nyoosha mkono."

Meneja akanyoosha. Kinanda akaukandamiza kwenye kifundo, ukashuka bila ubishi. Makarani wakaguna. Kisha akamnywesha kijiko cha Ngome, akangoja machozi yamkauke, akaukandamiza tena, safari hii karibu na bega. Mkono haukutikisika. Yeyote aliyewahi kusukuma mlango upande wa bawaba angeelewa mchezo huo, lakini watu wale walikuwa wamesukuma milango miaka mingi bila kuifikiria.

"Jeshi limeamka," alisema Kinanda, kama mtu anayesikitika kuwa sahihi kila siku.

Katoni ikaisha kabla ya chai.

Tapeli mzembe angeuza akakimbia. Kinanda alikuwa fundi. Kila chupa iliondoka na karatasi ya masharti, maana dawa isiyo na masharti nani ataiheshimu? Masharti yenyewe aliyanakili kutoka kwenye bango la zahanati: lala usingizi wa kutosha, kula matunda na mboga za majani, kunywa maji, tembea kwa miguu, nawa mikono kwa sabuni, fungua madirisha, ukiumwa pumzika nyumbani. Mwishoni akaongeza la kwake: ukikiuka hata moja, Ngome haitafanya kazi, na usije kulalamika.

Huo ulikuwa mlango wake wa kutokea. Hakutarajia kwamba watu wangeyafuata. Lakini walikuwa wametoa hela zao, na mtu akishatoa hela yake hukubali hata kula mchicha. Wakalala mapema. Wakanawa. Wakafungua madirisha, karatasi zikapepea, Meneja akanuna. Ndani ya wiki tatu chafya zikapungua mpaka mtu akipiga moja, wenzake wanamtazama kama mwizi. Wote wakaisifu Ngome. Usingizi haukutajwa na mtu.

Meneja akahesabu viti vilivyojaa, akamwita Kinanda ndani, akafunga mlango.

"Daktari, nauliza tu. Mtu akitaka kuinunua siri yenyewe, aitengeneze yeye, awauzie watumishi wa matawi yote, wakatwe kwenye mshahara kabla hawajauona?"

"Ni siri ya ukoo, mheshimiwa. Nilimwapia babu kwamba sitaiuza."

"Babu alitaja bei?"

"Aligusia."

Wakapatana Ijumaa, saa nne asubuhi, fedha taslimu.

Tatizo ni kwamba katika wiki hizo tatu daktari hakuwa amesoma karatasi yake mwenyewe. Alikula amesimama, alilala kwa kuibia, alipeana mikono na kila mwenye mafua, na chumbani kwake alichemsha masufuria dirisha likiwa limefungwa ili majirani wasinuse biashara. Ijumaa ilipokucha alikuwa hoi kitandani, pua zinatiririka, kichwa kinagonga kama karakana ya mabati. Alinyoosha mkono kuichukua chupa ya Ngome, akakumbuka ni nani aliyeitengeneza, akaurudisha.

Ndipo mlango ukabishwa. Alikuwa Mama Saumu, muuza vitunguu saumu na tangawizi wa sokoni, aliyemletea mzigo kila Ijumaa. Mama mpole, wa kuongea chini chini.

"Mwanangu, hii ni homa ya mafua. Leo huendi popote."

"Mama, nina mkutano saa nne. Mkutano wa maisha yangu."

"Wa nini, baba?"

Homa ina ubaya wake: inalegeza ulimi. Kinanda akaeleza yote, na kwa kuwa alijivunia kazi yake, akaeleza vizuri. Mama Saumu alisikiliza huku akichagua tangawizi zilizooza, bila kushangaa.

"Sasa ukimpigia chafya huyo bwana mkubwa, atanunua nini? Si umtume mtu?"

"Nimtume nani, mama? Mji huu hauna waaminifu," alisema Kinanda kwa uchungu wa dhati.

"Mimi si nipo? Nivae hilo koti, niseme ni mwenzako. Bahasha nakuletea. Mimi utanipa nauli tu."

Ni ile nauli iliyommaliza. Mtu anayeomba nauli tu, aliwaza, hajui bei ya vitu.

Mama Saumu akachemsha maji, akaliweka beseni mbele yake, akamfunika blanketi gubigubi ajifukize. "Usitoe kichwa mpaka nirudi. Jasho likipigwa na baridi, mafua yanashuka kifuani."

"Ndiyo, mama," ikajibu sauti kutoka ndani ya blanketi.

Maji yakapoa, akatulia. Saa nne ikapita, saa sita ikapita. Ilipokaribia saa nane, kwenye giza lile lenye harufu ya jasho, Kinanda alijiuliza swali ambalo wateja wake hawakuwahi kujiuliza: je, kama si kweli?

Alipofika sokoni, meza ya Mama Saumu ilikuwa na mtu mwingine. "Ameniuzia," alisema muuza nyanya wa jirani. "Alipita na koti jeupe akielekea stendi. Akanishauri nipunguze chumvi."

Kinanda akajikokota mpaka ofisi ya bima. Meneja alikuwa ameshapanga chupa mezani, zimejaa maji ya matope.

"Wewe," alisema. "Bosi wako amenieleza. Ulikuwa mjumbe tu, ukaanza kujiita daktari, amekufukuza. Yule mama anajiheshimu. Nilipomwomba apunguze, akaongeza bei. Hapo nikajua ni kitu cha kweli."

Kinanda akafungua mdomo. Sentensi zilikuja nyingi, lakini kila moja aliyoipima ilianza na kitunguu na kuishia kituo cha polisi. Badala yake ikatoka chafya, kubwa, ya kutoka magotini.

Makarani wakageuka. Meneja akafuta uso kwa leso, akatabasamu kama mtu aliyeona biashara yake imejileta yenyewe, akataja bei. Askari wa mlangoni akasogea karibu, kwa wema tu.

Kinanda akalipa. Akanywa kijiko, macho yakamtoka, akapiga chafya nyingine.

"Mbaya hii," alisema Meneja, akimshika bega kwa huruma, huku mkono mwingine ukifungua chupa ya pili.