Nyumba Aliyoiezeka Novatus

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa kuingia Bariadi, kila mwenye chumba cha ziada alijiona bwana mkubwa. Wanunuzi walikuja na fedha, hawana pa kulala. Watu wakawatimua kuku stoo, wakapaka chokaa, wakaita chumba cha wageni.

Novatus, karani wa mizani aliyefukuzwa kazi Shinyanga, aliyaona hayo akajua riziki yake imefika. Alikuwa na suti moja ya kaki na mdomo uliomlisha tangu apoteze kazi. Pembeni ya mji akaona pagala: kuta za matofali ya kuchoma, halina paa, majani yamefika madirishani. Alipoulizia, akaambiwa mwenyewe alishafariki. Hakuuliza zaidi, akaanza kuliuza kama lake. Watu wa aina yake hawapendi maswali yenye majibu.

Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu Januarius, aliyetumia miaka thelathini kuchapa watoto kwa kukosea hesabu.

"Weka amana tu, mwalimu. Benki itamalizia ujenzi, wapangaji watalipa mkopo. Wewe kazi yako kukaa barazani."

"Nisifanye kitu chochote?"

"Kutoka jasho ni siasa ya zamani. Sasa ni soko huria!"

Januarius akatoa kiinua mgongo chake chote. Hakumwambia mkewe, asije akataka kugawana faida.

Wiki iliyofuata akaja mama wa makamo, Apolonia, miguuni katambuga za tairi.

"Mwangaluka, mayu," Novatus alimwamkia Kisukuma, kwa unyenyekevu wa kukodi.

"Mwangaluka, baba. Nasikia unauza nyumba."

Akampeleka kwenye pagala. Apolonia akalizunguka polepole, akaweka kiganja ukutani. Matofali yale aliyafyatua yeye na mumewe, Mhoja. Mhoja alipofariki, Apolonia alirudi kwao Kiloleli kulima mpunga, na barua ya kiwanja ikabaki sandukuni mwake. Alitaka kupiga yowe, akalimeza.

"Kajenga nani?"

"Mimi, mayu. Kwa mikono yangu hii."

"Pole kwa kazi," alisema Apolonia. "Mimi nina ng'ombe arobaini. Kaka zangu wa Mwandoya nao wanatafuta nyumba. Ila sisi hatununui kuta, na benki hatuijui. Ezeka, tia milango, ng'ombe tutawaswaga mpaka hapa."

Ng'ombe arobaini! Tapeli aliyewaahidi watu paa la benki akaenda mwenyewe kununua mabati. Kiinua mgongo cha mwalimu kikageuka saruji, mbao na ujira wa mafundi. Kilipokwisha, akauza baiskeli yake. Kila siku ya gulio Apolonia alipita kukagua.

"Dirisha hili dogo, baba. Kaka zangu ni wanene."

Novatus akalipanua.

Siku ya makabidhiano alisimama mlangoni, akitafuta vumbi la ng'ombe barabarani. Badala yake akaja Apolonia na godoro kichwani, nyuma yake mjumbe wa nyumba kumi, mzee Ndalahwa, na majirani wenye masufuria.

"Ng'ombe wako wapi, mayu?"

"Ng'ombe gani? Mimi mkulima wa mpunga."

Ndalahwa akafungua barua ya kiwanja, akasoma kwa sauti: jina la Mhoja, jina la mkewe Apolonia. Novatus akatokwa na jasho alilosema ni la siasa ya zamani.

"Nitakwenda polisi! Mabati yangu haya!"

"Twende wote," alisema Ndalahwa. "Ukawaeleze ulinunua kwa fedha za nani."

"Zangu," ilisikika sauti nyuma ya watu. Ni mwalimu Januarius, aliyekuja kupima baraza yake itaingia viti vingapi. Alikuwa amesikia kila neno. Akavua miwani, akaanza kukunja mikono ya shati.

Apolonia akatua godoro lake ndani, akarudi mlangoni.

"Piganieni huko barabarani," alisema. "Sakafu yangu bado mbichi."