Kipaza Sauti cha Siku ya Fahari

Jumapili, 1 Februari

Neno limeshanitoka mdomoni. Halirudi.

Dada yangu Mwanahamisi kapiga simu kutoka Kisarawe. Harusi ya binti yake Riziki ni baada ya Idi, na ukoo unataka asimame mdogo wetu Kassim kuwa msemaji wa upande wa mama. Kassim! Mtu anayesalimia huku anatazama viatu! Nikamwambia mjomba mkubwa ndiye husema, tangu dunia iumbwe. Akasema mjomba mkubwa ana porojo.

Iliniuma. Nikamwambia kwamba huku Doha mimi ndiye mshereheshaji wa Siku ya Fahari, Ijumaa hii, bustanini Abu Hamour, mbele ya Afrika Mashariki nzima. Akasema vyema, ukoo wote utatazama kwenye simu. Wakiniona na kipaza sauti, harusini nitasema mimi. Wasiponiona, ni Kassim.

Sasa limebaki jambo dogo tu. Kuwa mshereheshaji.

Jumatatu, 2 Februari

Nimemwendea mwenyekiti wa kamati nyumbani kwake Fereej Bin Mahmoud. Anaitwa Kalunde, mwanamke wa Kinyamwezi wa Tabora, hutembelea kiti cha magurudumu. Mimi Mzaramo. Kwa hiyo ni mtani wangu, tunatukanana kihalali. Nikaanza mimi: babu zako walikuwa wapagazi wa mizigo, leo mjukuu unabebwa na magurudumu! Akacheka, akasema yeye ana magurudumu na anafika, mimi nina miguu miwili na miaka yote hii sijafika popote.

Moja bila.

Akanieleza sherehe yenyewe. Kila mtu ajivunie alivyo na atokako, na asiachwe mtu nje. Mbao zitatandikwa juu ya nyasi ili viti vipite. Hema la utulivu kwa watoto wasiopenda makelele. Mkalimani wa lugha ya alama kwa viziwi. Nikasema mimi pia najivunia, tena kila siku, sisubiri Ijumaa. Akasema hilo mji mzima unalijua.

Kumbe mshereheshaji wameshampata! Ndirangu, Mkenya, mtu wa ofisi West Bay, sauti kama ya redio. Nikamsimulia Kalunde harusi ile ya Kisarawe umeme ulipokatika, nikaendelea kwa sauti tupu mpaka watu wa Kibaha wakanisikia. Akaniuliza ni nani hao wa Kibaha. Nikasema ni wengi mno kuwataja.

Nimeambulia kitu, hata hivyo. Ndirangu asipotokea, zamu ni yangu. Asipotokea! Mlango mdogo huo, lakini mimi ni bawabu, kazi yangu ni milango. Hoteli nzima pale West Bay hainyanyui kitasa bila mimi.

Jumanne, 3 Februari

Nimepata hila. Nimeipata kwenye kikombe cha karaki, chai ya maziwa na iliki ya huku, kama kawaida yangu. Nitamwambia Ndirangu kwamba sherehe imehamishiwa bustani nyingine, upande wa pili wa mji. Basi. Hila kubwa zote ni fupi.

Jioni tukaenda kutandika mbao. Nikakaa na Rodney, binamu yake Kerubo, nesi ambaye ndiye mkalimani wetu wa lugha ya alama. Rodney ni fundi wa kompyuta, kiziwi tangu alipougua akiwa na miaka kumi. Siri ni mzigo, jamani, nikaona huyu ndiye wa kunitua. Nikamwambia yote. Hila ya Ndirangu. Simba watatu wa Pugu niliowafukuza kwa kukohoa. Hata kwamba kipaza sauti nimekishika mara moja tu maishani, kutangaza gari lililoziba njia.

Sijapata kuona msikilizaji kama huyu! Hanikatizi. Haniulizi ushahidi. Ananitazama mdomoni kwa heshima zote, kama mwanafunzi mbele ya shehe.

Jumatano, 4 Februari

Nimemwambia Ndirangu. Akasema, sawa mzee wangu, asante kwa kunijulisha, ningepotea bure. Akanipa mkono. Wakenya wamesoma lakini hila hawana. Nilimhurumia kidogo, dakika nzima.

Kerubo amenipa mazoezi, iwapo nitahitajika. Eti naenda mbio. Eti mjomba, punguza mwendo, mikono yangu ni miwili tu na wewe maneno yako ni ya watu kumi. Nimelipokea kama sifa.

Alhamisi, 5 Februari

Nimepiga pasi kanzu mwenyewe. Imeungua mgongoni, umbo la pasi kamili, hadi ncha yake. Si neno. Mshereheshaji hageuki nyuma.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya swala bustani ilifurika. Viti vya magurudumu vinateleza juu ya mbao kama magari ya wakubwa. Pilau huku, mukimo kule. Na safu ya mbele, kivulini, nani amekaa anatafuna mandazi? Ndirangu!

Nikamuuliza kwa upole vipi hakwenda kule kwingine. Akasema mzee, kule hakuna mandazi.

Papo hapo Kalunde akaniwekea kipaza sauti mkononi. Shika, Mzaramo, mwenzio amekuachia. Sikunusa chochote. Simu ilikuwa juu ya stendi yake, na ndani yake dada Mwanahamisi na khanga mpya, Kassim, na nusu ya Kisarawe nyuma yao.

Nikaanza! Nikakaribisha walemavu na wazima, wasioona na wanaojifanya hawaoni. Watu wakacheka. Nikanoga. Nikaingia kwenye simba saba wa Pugu.

Rodney akasimama. Mikono ikaanza kwenda. Kerubo, ambaye amri yake ni kutafsiri kila kitu kwenda na kurudi, akasema kwa sauti: Rodney anasema Jumanne simba walikuwa watatu.

Nikaeleza kwamba wanne walichelewa. Mikono tena. Anasema pia hujawahi kuwa mshereheshaji, ulitangaza gari. Mikono tena! Anasema ulitaka kumpoteza Ndirangu mjini, lakini yeye alimwonya usiku uleule wa Jumanne.

Kwenye simu nikasikia kicheko cha dada. Nakijua tangu utoto, huanzia puani.

Nikamkemea Kerubo. Akasema mjomba, mimi ni mkalimani tu, nikiruka neno nitaitwa mwongo. Nikauliza mtu asiyesikia alisikiaje! Jibu likaja kwa mikono: hakusikia, aliona. Mdomo wangu ni mkubwa, unasomeka vizuri.

Hapo Kalunde akapanda jukwaani kwa kiti chake, akaninyang'anya kipaza sauti. Mtani akikunyang'anya hukasiriki. Unakomboa. Akasema mbele ya watu: Mzaramo, kikomboe kwa neno moja la kweli.

Nikapekua kichwa chote, kona hadi kona. Kila nililolishika lilikuwa limeongezwa chumvi. Jasho likanitoka, na Februari yenyewe ni baridi. Mwisho nikasema: namwogopa dada yangu.

Viziwi wakainua mikono juu wakaitikisa. Ndivyo wanavyopiga makofi. Wengine wote wakafuata, bustani nzima ikatikisa vidole bila sauti. Kalunde akanirudishia kipaza sauti. Nilikishika, ukoo ukaniona nimekishika. Kisha akaninong'oneza nishuke sasa, na nishuke kinyumenyume, mgongo umeungua.

Ndirangu akamalizia. Sauti anayo, siwezi kukataa. Simba hana.

Jumamosi, 7 Februari

Dada kapiga. Kabla hajapumua nikamkumbusha: nilishika! Mliona! Akasema ni kweli, ahadi ni deni, na Kassim mwenyewe amesali rakaa mbili za shukrani kwa kuepushwa. Lakini ukoo ulikaa jana hadi usiku. Mtani ana haki ya kusema harusini, mila ndivyo ilivyo, na yule mtani wa Tabora amewapendeza mno. Wameshampigia. Likizo yake inaangukia hapohapo. Kipaza sauti atashika Kalunde. Mimi nitakaa ubavuni pake, na atakaponipa, nitasema neno langu moja la kweli.

Ushindi huo! Mtu mkubwa hasemi mwenyewe, ana msemaji. Nimeshawatangazia wenzangu wote pale mlangoni kwamba nimemteua mwanamke wa Tabora aniwakilishe nyumbani, na mshahara namlipa mimi.

Neno moja la kweli nimeanza kulitunga leo asubuhi. Limefika kurasa nne.