Ski Pana za Siku ya Mtakatifu Agatha

Jumatano, 2 Februari

Léonie, najua kila ukija unalifungua daftari hili, kwa hiyo sikiliza. Tangu Krismasi hujakanyaga hapa! Huko mjini Lausanne ndiko kulikokuzaa? Mjukuu gani huyu!

Haya. Jumamosi ni Mtakatifu Agatha. Mikate ikishabarikiwa kule juu kikanisani, sisi vikongwe tunajifunga ski miguuni, mbao zetu za kutelezea thelujini, tunashuka nazo, kila mtu na mkate wake mgongoni. Wa kwanza kufika kijijini ndiye anayekata mkate mbele ya watu wote. Jirani yangu Philomène kakata miaka sita mfululizo. Shule sikumaliza, lakini hadi sita nahesabu! Na kisu anakishika kama askofu ashikavyo fimbo. Mwaka huu ni mimi, au nife.

Alhamisi, 3 Februari

Dukani kwa Gaspard, kuchagua ski. Nimeinua mkono juu, nikataka zinazonifika kiganjani, kama alivyotupimia marehemu baba. Gaspard kacheka. Eti Bibi Ursule, zama hizo zimepita, zikikufika utosini zatosha. Siku hizi tunatazama upana chini ya kiatu. Theluji ikiwa nyingi na laini, pana zinaelea, nyembamba zinazama. Ila ikiwa ngumu, pana hazishiki, na mteremko ule ni ukuta, bibi yangu.

Nikamwambia anipe pana kuliko zote, porojo abaki nazo. Theluji inaanguka tangu asubuhi, haoni? Kaniletea kama milango miwili. Safi!

Nimefika nje, akili ikanijia. Nikarudi. Nikamnong'oneza kwamba Philomène anaona haya kusema, lakini magoti yanamsumbua, akija kununua zake ampe nyembamba, ndizo nyepesi. Nyembamba sana. Maskini Gaspard, moyo wake mwema. Kaahidi.

Ijumaa, 4 Februari

Philomène kapita na ski zake mpya. Tambi! Nimezisifu. Nikampa na kipande cha jibini. Kaniuliza, shoga, una homa?

Jumamosi, 5 Februari

Upepo! Umeifagia theluji laini yote, umeacha mteremko mgumu kama sahani. Philomène kashuka kama wembe. Mimi nimeshuka ubavu, kisha makalio, na mkate ukanitangulia. Padri katangaza kwamba mkate wangu umeshika nafasi ya pili.

Si hilo lililoniua. Philomène, kisu mkononi, kamshukuru Gaspard mbele ya kijiji kizima kwa kumchagulia vizuri. Gaspard naye kasema shukrani zote ni za Bibi Ursule. Philomène kanikumbatia! Kipande cha kwanza kanipa mimi. Nikalia. Wakadhani ni furaha.

Mtamu lakini, mkate ule.

Jumapili, 6 Februari

Sikai, silali. Nimewaza misa nzima. Mimi sikukosea, upepo ndio uliokosea. Mwakani nachukua nyembamba, na Philomène apewe pana. Ila nikienda mimi tena, Gaspard atashtuka.

Kwa hiyo ukija, kabla hujavua koti, pitia dukani kwake. Mwambie Philomène anazitamani pana kama zangu, anaona haya tu kusema. Na usicheke. Ukicheka unafanana na mimi mno, atajua.