Jinsi Tu Chin-shui Alivyoihama Nchi ya Karata Mbili

Hakuwa na upanga, wala farasi, wala mpiga tarumbeta wa kumtangulia. Hakuwa na meno ya juu upande wa kushoto, hakuwa na simu isiyo na ufa, wala kiti kisicholia akikikalia. Na subira ya kusoma kanuni hakuwa nayo hata chembe. Hilo ndilo lililomponza. Lakini sogeeni, enyi mpendao habari za vita. Wekeni vikombe chini mmsikie Tu Chin-shui wa Tainan, mtengenezaji mstaafu wa majiko ya wali, simba wa poka ya mtandaoni, na safari yake iliyotikisa sebule nzima.

Kwa miaka mingi aliitawala poka ya karata mbili. Huko kila mchezaji hupewa mbili za siri, tano hulazwa wazi mezani, naye huunga tano zilizo bora kama apendavyo. Aliogopwa kama tetemeko. Lakini rafiki zake wa ujana, mmoja baada ya mwingine, walihamia meza ya karata nne za siri, ya mtandaoni vilevile, ambako husikizana kwa simu wakicheza, wakamwacha klabuni na vijana wa mtandaoni wasiosalimu wakiingia wala kuaga wakitoka. Na mfalme asiye na wa kumtania ni mfalme gani? Basi naye akahama.

Meza hiyo ya wazee ilikuwa na viti sita na sheria moja kali: atakayeshika mkia Jumamosi tatu mfululizo hutoka, maana wanaongoja ni wengi. Walishindania alama tupu. Hazina yao ilikuwa kile kiti, na porojo zinazokizunguka.

Jumamosi ya kwanza, Chin-shui aliona shupaza nne mezani, na mkononi mwake inang'aa ree ya shupaza, kubwa kuliko zote. Akamwaga alama zake zote, akaunguruma kwenye simu: "Enyi wana wa Tainan! Shupaza tano zimesimama safu moja! Nani atazuia mafuriko kwa ungo?"

"Mimi," akajibu Yen Wan-fa, kinyozi mstaafu, ulimi wake mkali kuliko nyembe zake zote. "Kaka, umevaa kanzu ya harusi msibani. Huku mkononi unatoa mbili, mezani tatu, basi. Hiyo shupaza yako iko peke yake. Ndoa ya mtu mmoja umeiona wapi?"

Wakacheka mpaka simu ikakoroma. Akashika mkia. Jumamosi ya pili, kwa hasira na makosa yaleyale, akaushika tena.

Ndipo ikapambazuka Jumamosi ya tatu, siku ya joto la kuyeyusha nta. Wazee wanne walikwisha kupaa juu kwa alama; waliobaki kugombea mkia ni Chin-shui na Wan-fa. Karata zikagawanywa. Mezani zikalala shupaza tatu. Chin-shui akahesabu zake kwa kidole, mara mbili, kama mtu avukaye mto kwa kupapasa mawe: saba ya shupaza, nne ya shupaza. Ndoa halali! Lakini ndoa ya kimaskini, maana mwenye mbili kubwa zaidi angemzika.

Wan-fa akasukuma alama zake zote mbele.

Saa ya mchezo ikaanza kurudi nyuma. Na papo hapo, kutoka mwisho wa kichochoro, ukasikika ule muziki wa gari la taka unaowaita watu walete mifuko yao, mtamu na usio na huruma.

"Mzee!" akapaza sauti mkewe, Hsiu-luan, kutoka jikoni. "Gari hilo! Kesho haliji. Ukilikosa utalala na hivi vichwa vya samaki, mimi nakwenda kwa dada!"

"Mke wangu, historia imenishika shingo!"

"Ikushike ukiwa na mfuko mkononi!"

Shujaa akashuka ngazi, mkono wa kulia mfuko unaovuja, wa kushoto simu. Majirani walikwisha kujipanga na mifuko yao kama askari walio gwarideni.

"Tupa tu karata, kaka," Wan-fa akamwimbia masikioni, laini kama mafuta ya nywele. "Mimi nakuonea huruma. Tupa, usije ukaumia. Mkeo hajambo? Mguu wake umepona?"

Chin-shui akasimama ghafla. Alikuwa amenyolewa na mtu huyu tangu wangali vijana. Wan-fa akishika wembe hunyamaza, hata kupumua hapumui. Akiwa na kitana tu ndipo huuliza habari za mke. Huyu sasa alikuwa anachana, wembe hana!

Akabonyeza "Nafuata." Kidole kililowa maji ya samaki, simu ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena. Sekunde zikadondoka kama majani. Basi Tu Chin-shui akakirusha kichwa chake mbele kama kondoo dume, akaibonyeza simu kwa pua.

Karata zikafunuka. Wan-fa alikuwa na ree ya shupaza, iko peke yake.

"Kinyozi!" akanguruma Chin-shui katikati ya kichochoro, huku mfuko ukiruka na kutua garini. "Ndoa ya mtu mmoja umeiona wapi?"

"Umebonyeza na nini wewe, mbona umechelewa?"

"Pua!"

Wazee watano wakacheka pamoja, na Wan-fa akawashinda wote kwa kicheko. "Haya, Kaka Pua, mkia nimeushika mimi. Jumamosi ijayo usichelewe kitini."

Hivyo alimaliza wa tano kati ya sita, na majirani, wasiojua kisa, wakampigia makofi.

Jioni hiyo, kabla wali haujaiva, akawaandikia wale vijana wa karata mbili, kwa anwani ya ofisi ya klabu yao, kwamba anakiachia rasmi kiti chake wampe mwingine, na kwamba anawatakia heri.

"Si uwatumie ujumbe wa simu?" akauliza Hsiu-luan.

"Wao hawaagi, mama. Mmoja wetu lazima aanze."

Akachovya mhuri wa jina lake kwenye wino mwekundu, akaukandamiza chini ya jina. Akafunga bahasha kwa gundi, akaishindilia kwa ngumi. Kwenye kona, akalipita sanduku la kijani la barua za kawaida, akaidumbukiza katika lile jekundu, la barua za haraka.