Kupandisha Kimashua Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 3 Juni

Nimeshtuka. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na leo mke wangu amenipa notisi huku anatunga uzi kwenye sindano. Hakupandisha sauti hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema kuanzia sasa kimashua chetu cha kushukia pwani kitabebwa juu ya boti, hakiburutwi tena nyuma kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Kama siwezi, Jumapili yeye anapanda feri kwenda kumwona mjukuu, na boti itafutiwe mwenyewe mwingine.

Niandike kwa haki. Safari iliyopita tulikifunga nyuma kwa kamba. Wimbi la kwanza likakirusha, kikagonga boti, chai yote ikammwagikia mke wangu mapajani. Wimbi la pili likaipeleka kamba kwenye pangaboi la injini. Tulirudi tukivutwa na boti ya kubebea mchanga. Nahodha wake alicheka njia nzima.

Lakini mjukuu huyu ni wa kwanza. Ana wiki tatu, yuko ng'ambo ya ghuba, na nilimwahidi binti yetu kwamba babu na bibi watafika kwa tanga, pamoja. Boti ni ya mita nane tu, ila tuliingoja miaka kumi. Ikienda, nitabaki mkaguzi wa shule mstaafu, basi.

Nimemjibu mke wangu kwamba hadi Jumamosi kazi itakuwa imekwisha.

Jioni mshtuko wa pili. Jirani yetu hapa gatini ni mwuguzi mstaafu, wote tunamwita Mama Nesi. Ana miaka sitini na minane na goti bovu. Nimemwona akipandisha kimashua chake peke yake kwa kamba ya mlingoti. Akavuta, akazungusha, akafunga. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Aliponiona nimeshika darubini akauliza kama shemeji angependa kuonyeshwa. Nikasema nilikuwa natazama ndege. Hapakuwa na ndege.

Jumanne, 4 Juni

Usingizini nimepata jibu. Nguzo mbili za chuma nyuma ya boti, zilizopinda kwa juu, kimashua kinaning'inia katikati. Meli kubwa zinafanya hivyo. Kwa nini mimi nisifanye?

Chuma nilikipata nyumbani, kwenye kitanda cha chumba cha wageni. Fundi wa kuchomelea alikikata, akauliza mzigo wote huo unakwenda kukaa wapi. Nilimwambia nyuma ya boti. Akauliza boti ina urefu gani. Nilimkumbusha kwamba nimeuliza maswali darasani kwa miaka ishirini na tisa na sikuja kwake kuulizwa. Akanyamaza. Kimya kile nilikichukulia kuwa heshima.

Saa nane nguzo zimefungwa. Saa nane na robo kimashua kimening'inia. Saa nane na dakika ishirini mbele ya boti imeinuka na nyuma imezama, maji yanaingia kupitia tundu lilelile lililowekwa ili yatoke. Ndala za mke wangu zilipita mbele yangu zikielea, moja baada ya nyingine. Kilo arobaini na nane za kimashua nilizipigia hesabu. Kitanda sikukipigia.

Mke wangu alikuja akasimama gatini. Aliuliza mambo mawili. Je, ndala nazo zinaenda kwa feri? Na je, kile si kitanda anacholalia mama yake akija?

Nilikuwa sijui mama mkwe analalia kitanda kipi. Hakuna aliyewahi kuniambia. Yaani katika nyumba yangu mwenyewe sipewi taarifa.

Jumatano, 5 Juni

Kamba ya mlingoti. Nakiri ni mbinu ya Mama Nesi, lakini mlingoti haukuvumbuliwa na yeye.

Nilimkagua kwa darubini tangu asubuhi, naye hakupandisha chochote. Alikaa anamenya machungwa. Nikaamua kuanza bila yeye. Nilifunga kamba kwenye pete ya mbele ya kimashua, nikaizungusha kwenye winchi, lile pipa dogo la kukazia kamba, nikavuta. Kimashua hakikutikisika. Nikavuta tena. Boti ikaanza kulala upande. Kilo arobaini na nane? Ilikuwa kama navuta gati lenyewe.

Mama Nesi akaniita kutoka kwake. Shemeji, umetoa maji ya mvua humo ndani?

Mvua ilinyesha alfajiri. Nilikuwa sijatoa. Nilijisikia nikimjibu kwamba maji yale nimeyaacha kwa makusudi, yanakituliza. Nilishtuka kusikia maneno hayo yanatoka kinywani mwangu. Lakini yakishatoka yametoka, ikabidi nivute.

Kikainuka. Na kwa kuwa nilikuwa nimekifunga pua peke yake, kikasimama wima, kikamwaga maji yote ndani ya kidirisha cha juu cha chumba cha boti, juu ya godoro, upande wa mke wangu. Kilipokuwa chepesi kikaanza kubembea. Mara ya kwanza kikachukua kofia yangu. Mara ya pili kikachukua miwani. Mara ya tatu nikalala chini mwenyewe.

Kasia moja lilielea hadi kwa Mama Nesi. Alilirudisha limekaushwa kwa taulo. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Tathmini: kamba, alama sifuri. Uangalizi wa jirani, hauridhishi.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu haongei nami. Yeye ni fundi cherehani, na anapokasirika hushona. Leo ameshona tangu kifungua kinywa, kitu kirefu cha kitambaa kigumu, ile mikanda wanayowekea mabegi makubwa. Nikajua. Anashona begi la safari. Begi la feri.

Nilimuuliza kwa upole kama anahitaji msaada. Aliniita Mkaguzi. Akiniita mume wangu, mambo ni mazuri. Akiniita Mkaguzi, maji yamezidi unga.

Mchana alikwenda kunywa chai kwa Mama Nesi, na mikanda yake mkononi. Nilisikia wanacheka. Nilihesabu vicheko kumi na saba, vitatu vikiwa virefu mno.

Nimekaa chumbani mwa boti juu ya godoro bichi. Nitaandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu. Naogopa. Si boti ninayoiogopea. Naona picha ya mimi nafika kule peke yangu, au yeye anafika peke yake, na yule mtoto anatuona vipande vipande siku ya kwanza. Sitaki hivyo. Nataka atuone pamoja tukishuka kwenye kimashua, mimi nikipiga makasia.

Nikipiga vizuri, ikiwezekana.

Ijumaa, 7 Juni

Sijui nianzie wapi. Mshtuko mkubwa kuliko yote ya wiki hii: kimashua kimepanda.

Asubuhi mke wangu aliweka kile kitu mezani. Hakikuwa begi. Ni mikanda minne inayokutana kwenye pete moja juu, kila mkanda una kulabu yake, miwili ya mbele mifupi kidogo. Alisema Mama Nesi ndiye aliyempa vipimo, na kwamba ningeuliza Jumatatu tungekuwa tumeshamaliza. Mficha uchi hazai, akasema. Nilimjibu kwamba nami nilikuwa nakaribia kupendekeza mikanda minne. Akanikabidhi ndoo.

Tukatoa maji. Tukafunga kulabu nne. Mimi nikavuta kwenye winchi, yeye akashika kamba ya kuongozea ili kisibembee. Kikapanda kimelala sawa kama sinia. Kikapita juu ya kizuizi cha pembeni, tukakipindua, kikashuka taratibu kwenye sitaha ya mbele, tumbo juu. Dakika kumi na moja! Nilimkumbatia mke wangu na kamba zake zote. Akaniita mume wangu. Mara mbili.

Akanipa agizo moja tu kabla ya kwenda sokoni. Mama Nesi amesema kimashua kibaki pale pale kilipo, shubiri mbili nyuma ya sanduku la nanga, ili mfuniko ufunguke. Nikasema bila shaka.

Alipoondoka nilisimama gatini nikakitazama. Kwa macho ya mkaguzi, hakikuwa kimekaa sawa. Kuna nafasi isiyo na kazi mbele na msongamano nyuma. Nikakisukuma mbele, kikajaa pale kama kifuniko cha chungu. Kinapendeza sana sasa. Nimekifunga kwa mafundo kumi na manne niliyoyabuni mwenyewe. Hakisogei hata kwa dua.

Sikumwambia. Ataona mwenyewe na atafurahi.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimeshtuka kwa haki.

Tulitoka saa tatu kwa majaribio. Mke wangu alimwalika Mama Nesi kama shahidi, nami sikupinga, kwa kuwa mshindi hana sababu ya kuogopa shahidi. Kwa kuwa sisi sote tulikaa nyuma na tanga la mbele lilifunika sitaha, hakuna aliyeangalia kimashua. Upepo mzuri. Mke wangu alishika usukani, akaimba. Miaka mingi sijamsikia anaimba. Alisema kesho tutatoka mapema ili mtoto awe macho tukifika. Tutatoka, alisema. Sisi.

Tukiwa tunarudi, mita mia kutoka kwenye miamba ya mlangoni mwa bandari, upepo ukafa. Nikawasha injini. Ikakohoa, ikazima. Mkondo ukatushika, ukaanza kutusogeza kwenye mawe. Mke wangu akasema bila haraka yoyote, mume wangu, nenda mbele kashushe nanga.

Nilikwenda mbele. Nilisimama. Nanga ilikuwa ndani ya sanduku. Sanduku lilikuwa chini ya kimashua. Kimashua kilikuwa chini ya mafundo kumi na manne. Nikaanza kufungua la kwanza, na ikanijia kwa mara ya kwanza kwamba nilibuni namna ya kuyafunga tu.

Mawe yalikuwa karibu hadi nikaona chaza zake.

Mama Nesi alinipita na goti lake bovu, akatoa mfukoni mkasi wa kukatia bandeji, akakata kamba zote kama anamvua mgonjwa nguo. Kimashua kikateleza baharini. Mfuniko ukafunguka, nanga ikashuka, mnyororo ukakaza. Boti ilisimama ikiwa imebaki pima mbili kufika kwenye jiwe la kwanza.

Kisha mke wangu akauliza nani alisogeza kimashua. Nilisema upepo. Mama Nesi akatazama juu, tanga limelegea kama shuka kwenye kamba.

Upepo uliporudi tulikiokota kimashua, na tulipofika gatini niliitwa Mkaguzi.

Jumapili, 9 Juni

Boti haiuzwi. Nilitangaziwa hilo saa kumi na mbili asubuhi, nikakaribia kulia kwa furaha. Mke wangu aliketi karibu yangu, akanishika mkono, akasema ananipenda, na kwamba alichokiogopa jana si mawe, ni mimi kusema upepo. Mawe yanaonekana, alisema. Halafu akanikabidhi tiketi ya feri. Moja. Boti wanaipeleka yeye na Mama Nesi.

Saa nne. Naandika nikiwa kwenye sitaha ya feri, na begi la nepi mapajani. Tumewapita sasa hivi. Wanakwenda vizuri. Kimashua kiko juu, tumbo jeupe, shubiri mbili kamili nyuma ya sanduku. Mke wangu alinipungia mkono. Nami nikampungia. Inauma, siwezi kusema haiumi. Watachelewa saa nzima nyuma yangu, na nitampokea gatini na mtoto mkononi, na nitamwambia nimekosa. Nimeamua. Hakuna upepo tena.

Saa nne na nusu. Karibu na benchi langu kuna mashua ya kuokolea watu, imening'inizwa kwa nyaya mbili. Nimeikagua. Nimeshtuka! Imekaa mbele mno, nafasi ya nyuma haina kazi. Nimemweleza baharia. Ameniomba kwa heshima nisiguse mkono ule mwekundu wa kuiachilia, kisha akaenda kunywa chai. Hajaelewa kwamba ni suala la shubiri mbili tu.

Saa tano kasoro dakika tano. Feri imesimama katikati ya ghuba. Mashua ya kuokolea iko majini, haina mtu, inakwenda zake. King'ora kinalia. Boti yetu imetupita upande wa kulia, na mke wangu amesimama usukanini, ananitafuta kwa darubini. Nahodha amekuja mwenyewe kuuliza nani alishusha mashua.

Nimemwambia upepo.