Mwalimu wa Bure Chumba cha Juu

Jumatatu, 4 Machi
Bosi wa hoteli katangaza: Ijumaa wanakuja wageni wanaoongea Kihispania. Mpokezi atakayewamudu ndiye msimamizi mpya. Tai Ndefu, mpokezi mwenzangu, akatabasamu kama kashapewa ofisi. Thubutu! Mimi nimeshamwambia mama mkwe kwamba cheo ni changu.

Jumanne, 5 Machi
Nilikuwa ngazini, kwenye nyumba ninayopanga, najizoeza kukataza kwa Kihispania. Nikasema “no abre”, nikidhani ndiyo usifungue. Chumba cha juu kimefungwa tangu mpangaji wake apotee. Sauti ikatoka humo, polepole: “No abras.” Usifungue. Nywele zikanisimama! Kisha nikafurahi. Mwalimu wa bure! Mama mwenye nyumba akaapa kwamba juu hakuna mtu, akanisihi nisipande.

Jumatano, 6 Machi
Kanuni ya kukataza nimeinasa! Kitenzi cha -ar, kama entrar, kinachukua e: no entres, usiingie. Cha -er au -ir kinachukua a: no respondas, usijibu, no subas, usipande. Mwalimu anarudia mifano hiyohiyo, leo huku analia. Ana moyo wa kazi kweli. Nikaenda hotelini kujitamba kwamba nina mwalimu nyumbani. Domo langu hili! Tai Ndefu akaniuliza, kwa upole mno, ninakaa nyumba gani.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mwenye nyumba kanidaka mlangoni. Eti kuna kijana kapanda juu na hajashuka. Nikakimbilia huko. Ncha ya tai ilikuwa imebanwa na mlango. Mwizi wa elimu! Nikaivuta. Ikavutwa kwa ndani, taratibu, mpaka ikaisha.

Ijumaa, 8 Machi
Tai Ndefu hakuja kazini. Uwanja wangu! Nikawapokea wageni kwa yote niliyofundishwa: usiingie, usifungue, usipande. Wakarudi kwenye basi lao na mizigo. Bosi kanipa mpaka Jumatatu nijue kukaribisha watu, la sivyo nifungashe virago. Mama mkwe nitamwambia nini mimi?

Jumamosi, 9 Machi
Mama mwenye nyumba kahama, hata vyungu kaacha. Juu sasa sauti ni mbili. Ya pili inalia “no subas, no entres”, kwa matamshi mabovu ya Tai Ndefu. Kumbe anabukua humo humo, ili anizunguke! Nikapanda na kugonga. Mlango ukafunguka wenyewe, ndani giza tupu.

Afadhali. Mwalimu kumbe anajua na kukaribisha, na ndilo somo lililobaki. Naingia.